Rufaa ya Kipimo cha Kansa ya Mapafu: Kuanzia Hesabu ya Sigara Hadi Majibu

Kwenye faili la mzee mmoja wa Bukavu, mwenye miaka 61, iliandikwa kwamba alikuwa akivuta nusu pakiti kwa siku kwa miaka 20. Zidisha mwenyewe: nusu mara 20 ni 10. Kigezo cha Marekani cha kumpeleka mtu akapimwe mapafu ni pakiti-miaka 20, yaani pakiti kwa siku mara miaka ya kuvuta. Kompyuta ya kliniki, ambayo kazi yake ni kukumbusha, ikanyamaza, na daktari naye akapita. Siku niliyokaa na mzee yule dakika kumi, kalamu mkononi, tukaanza upya tangu ujana wake, tulitoka na 22.

Nawaandikia wauguzi, wasaidizi wa kliniki, wakalimani na wahudumu wa afya ya jamii wanaowahudumia wazungumzaji wa Kiswahili hapa Marekani: Wakongo na Warundi waliopitia makambini, Wakenya, Watanzania. Daktari ndiye anayesaini rufaa. Lakini rufaa huishi au hufa kutokana na yanayofanyika kabla ya saini na baada yake, na hayo mara nyingi yako mikononi mwetu. Nimeona nyingi zikifa, karibu zote mahali palepale patatu: kwenye hesabu ya sigara, kwenye kuchanganya mtu asiye na dalili na mgonjwa mwenye dalili, na baada ya majibu kutoka.

Kipimo chenyewe

Tunatafuta kinundu kidogo kwenye pafu la mtu asiyeumwa chochote, wakati bado kinaweza kukatwa kikaisha. Kipimo kilichothibitika kupunguza vifo kwa njia hii ni skani ya CT (picha nyingi za vipande vya mwili zinazounganishwa na kompyuta) ya dozi ndogo ya mionzi. Eksirei ya kifua haifai kwa kazi hii. Utafiti wa PLCO, uliokuwa na watu zaidi ya 150,000 na kutoa majibu mwaka 2011, ulionyesha kuwa kuwapiga watu eksirei kila mwaka hakupunguzi vifo vya kansa ya mapafu. Mwaka huohuo yakatoka majibu ya utafiti mwingine wa Marekani, NLST: watu 53,454 waliovuta sana, nusu wakipimwa kwa CT na nusu kwa eksirei, mara tatu, kila baada ya mwaka. Upande wa CT, vifo vya kansa ya mapafu vilipungua kwa 20%. Mwaka 2020 Waholanzi na Wabelgiji, kwenye utafiti wao wa NELSON, wakapata 24% kwa wanaume waliofuatiliwa miaka 10.

Kwa hiyo mgonjwa akikuambia, "Nilipigwa picha ya kifua mwaka jana, wakasema niko salama," mshukuru, kisha ujue kwamba kwa habari ya kansa picha hiyo haijajibu swali.

Nani anapelekwa

Vigezo vinavyotumika sana ni vya jopo la wataalamu wa kinga la Marekani, USPSTF, vilivyobadilishwa Machi 2021. Mtu awe na umri wa miaka 50 hadi 80. Awe amevuta jumla ya pakiti-miaka 20 au zaidi. Na awe bado anavuta, au aliacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Vigezo vya zamani, vya mwaka 2013, vilikuwa miaka 55 na pakiti-miaka 30, na utashangaa ni wangapi bado wanavitumia kwa mazoea. Vya sasa viliwaingiza watu wengi waliokuwa wakiachwa nje, hasa wanawake na Wamarekani Weusi, ambao kwa wastani huvuta sigara chache zaidi kwa siku.

Medicare, bima ya serikali kwa wazee, tangu Februari 2022 inalipia kuanzia miaka 50 hadi 77. Bima binafsi nyingi hufuata USPSTF hadi 80. Chama cha Kansa cha Marekani, mwaka 2023, kiliondoa kabisa sharti la miaka 15 tangu kuacha, kwa hoja kwamba hatari haifutiki kwa sababu tu kalenda imegeuka. Hoja hiyo naikubali, ila anayelipa bili ni bima, na bima bado huhesabu miaka 15. Mgonjwa aliyeacha miaka 18 iliyopita mwambie ukweli huo, na daktari aamue naye.

Kigezo kinahesabu sigara. Ugoro hauingii. Mama aliyepikia kuni miaka 40 jikoni kusiko na dirisha amevuta moshi wenye madhara ya kweli, lakini moshi huo haumwingizi kwenye orodha. Uandike kwenye historia yake, daktari aujue. Usimwandikie sigara ambazo hakuvuta.

Neno kwa anayesoma akiwa Mwanza au Kakamega, kabla sijaendelea. Tanzania na Kenya hazina mpango wa kitaifa wa kuwapima kwa CT wavutaji wasio na dalili, na sidhani kukosa hilo ndilo tatizo kubwa zaidi kwa sasa. Tatizo ninalosikia kila nikipiga simu nyumbani ni mtu mwenye dalili anayezungushwa. Anakohoa miezi, kipimo cha makohozi cha TB hakioni kitu, anaanzishiwa dawa za TB hata hivyo, anamaliza, hapati nafuu, anaanzishiwa tena. Mvutaji wa zaidi ya miaka 40 ambaye kikohozi hakiishi, makohozi hayana TB na uzito unashuka anahitaji rufaa ya CT na ya kuchukuliwa kipande kidogo cha pafu kikapimwe, kwenye hospitali ya rufaa yenye uwezo huo. Hiyo ndiyo rufaa ya kuipigania huko, na sehemu ya dalili hapa chini inakuhusu moja kwa moja.

Kupiga hesabu

Pakiti-mwaka moja ni pakiti moja ya sigara 20 kila siku kwa mwaka mzima. Chukua sigara za siku, gawa kwa 20, zidisha kwa miaka. Shule ya msingi inatosha. Kazi ngumu ni kupata namba za kuingiza.

Swali la kwenye fomu ni "Unavuta pakiti ngapi kwa siku?" Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo sigara inauzwa moja moja juu ya sanduku la maandazi, swali hilo halina jibu. Mzee wangu wa Bukavu aliulizwa hivyo, akajibu "labda nusu" ili asionekane mkaidi, na nusu hiyo ikaandikwa kwa maisha yake yote. Sisi tulianza hivi:

"Papa, sigara ya kwanza ulivuta ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Ulikuwa unanunua paketi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Paketi! Na franga gani? Tulikuwa tunanunua moja moja."

"Kwa siku zinafika ngapi?"

"Tano. Siku ya mshahara, zaidi."

Akaendelea hivyo mpaka alipokimbia nchi akiwa na miaka 33. Kule Nyarugusu, Kigoma, alikuwa na kibanda kidogo, na mwenye kibanda hakosi sigara: kumi kwa siku, miaka 14. Alipofika Marekani akiwa na 47 alipata kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, baridi ikamkuta na pesa mfukoni, ikawa pakiti nzima kila siku kwa miaka 11. Aliacha akiwa na 58, mjukuu wake wa kwanza alipogundulika ana pumu. Karatasi yetu ilisomeka hivi:

Miaka 17 hadi 33: sigara 5, yaani robo pakiti, mara miaka 16 = 4
Miaka 33 hadi 47: sigara 10, yaani nusu pakiti, mara miaka 14 = 7
Miaka 47 hadi 58: sigara 20, yaani pakiti moja, mara miaka 11 = 11
Jumla: pakiti-miaka 22. Ameacha miaka 3 iliyopita. Umri 61.

Hii ndiyo njia ninayoifundisha: gawanya maisha kwa vipindi ambavyo mtu anavikumbuka, kama kabla ya kuoa, vitani, kambini, tangu kufika hapa. Toa miaka aliyoacha kabisa katikati. Kama alikuwa akisokota tumbaku, uliza misokoto mingapi kwa siku na uihesabu kama sigara, kisha andika pembeni kwamba ilikuwa ya kusokota. Usiandike "kidogo" wala "kawaida". Hakuna kompyuta inayozidisha kawaida.

Neno "nimeacha" nalo lina mtego. Kwa Kiswahili linaweza kuwa la juzi au la mwaka 1998, na wengine hulitumia kumaanisha wamepunguza. Uliza: "Sigara ya mwisho kabisa uliivuta lini?" Andika mwaka, na mwezi ukipatikana.

Halafu suala la nani anatafsiri. Mama wa miaka 55, mshirika wa kwaya, hatasema mbele ya mwanawe kwamba alivuta pakiti kwa siku tangu msichana. Atasema hajawahi, kijana atatafsiri "hajawahi", na mlango utafungwa hapo. Tumia mkalimani wa kliniki, hata wa simu. Familia itoke kwa dakika tano, kwa sababu yoyote ya heshima utakayoipata.

Dalili: usipeleke mgonjwa kwenye foleni ya wazima

Kosa hili ndilo linaloniumiza zaidi. Kipimo tunachokizungumzia ni cha mtu asiye na dalili za kansa ya mapafu. Mwenye dalili anahitaji CT ya uchunguzi wa ugonjwa, ambayo ni oda nyingine, yenye haraka nyingine, na mara nyingi hufanywa kwa dawa ya mshipani. Ukimwandikia mwenye dalili kipimo cha wazima atapewa tarehe ya mbali, bima inaweza kukataa, na daktari wa mionzi atasoma picha bila kujua kwamba mwenye pafu hilo anakohoa damu.

Kwa hiyo uliza moja baada ya nyingine, kwa maneno ya kawaida. Umewahi kutema makohozi yenye damu, hata michirizi? Nguo zimekuwa kubwa bila wewe kutaka? Kuna kikohozi kipya, au kile cha zamani kimebadilika? Sauti imekuwa ya kukwaruza? Kifua au bega linauma bila kuisha? Umetibiwa nimonia ikarudi palepale? "Ndiyo" moja inatosha kusimamisha oda na kumwita daktari kabla mgonjwa hajaondoka. Kikohozi cha miaka mingi ambacho hakijabadilika, kile cha kila mvutaji asubuhi, hakimzuii mtu, lakini kiandikwe.

Niliwahi kukuta fomu, kwenye kliniki ambayo siitaji, ambapo kisanduku cha "hana dalili" huja kimeshawekewa tiki na mfumo. Mama aliyekuwa mbele yangu aliongea kwa sauti nzito ya mikwaruzo, na mimi, kwa kuwa sikuwahi kumsikia kabla, nikadhani ndiyo sauti yake. Binti yake ndiye aliyesema akiwa anafunga zipu ya koti: "Mama hakuwa na sauti hii." Tukafuta oda. CT ya ugonjwa ilifanyika wiki ileile. Tangu siku hiyo nauliza watu wa nyumbani kama kuna kitu kimebadilika, hata kama nimewatoa nje kwa maswali ya sigara.

Mambo mengine mawili ya kuchunguza hapohapo. Kama alikuwa na nimonia au homa kali ya kifua majuzi, subirini apone kabisa, la sivyo picha itajaa mabaka yatakayowatisha bure. Na kama alipigwa CT ya kifua kwa sababu nyingine ndani ya mwaka uliopita, itafute ripoti yake kwanza. Huenda jibu liko kwenye kompyuta ya hospitali jirani.

Halafu kuna swali gumu. Mtu ambaye hawezi kustahimili upasuaji wala tiba ya mionzi, labda kwa moyo uliochoka au anatembea na mtungi wa oksijeni, au ambaye amesema wazi hataki kutibiwa, hafaidiki na kipimo hiki. Atabaki na hofu tu. Daktari ndiye wa kulisema hilo, lakini wewe unaweza kulitanguliza kwenye maelezo yako.

Mazungumzo kabla ya kukubali

Medicare inadai mazungumzo haya yafanyike kabla ya kipimo cha kwanza na yaandikwe. Mimi ningeyafanya hata bila kudaiwa, maana mtu aliyepelekwa bila kuelewa hatarudi mwaka wa pili.

Neno kansa litaje. Nimeona wakalimani wema wakilizunguka, "wanataka kuangalia kifua chako tu," na mgonjwa akaja kulikuta limeandikwa kwenye barua. Mimi husema: "Ni kipimo cha kutafuta kansa ya mapafu kabla haijakuumiza. Hatujaona dalili yoyote. Tunakupima kwa sababu ya sigara ulizovuta." Sentensi hizo zitamke pamoja, kwa pumzi moja.

Faida ieleze kwa watu, si kwa asilimia. Kwenye NLST, katika kila watu 1,000 waliopimwa kwa eksirei walikufa kwa kansa ya mapafu kama 21. Kwa CT, kama 18. Watatu waliokolewa kwa kila elfu. Wapo watakaosema ni wachache, wapo watakaosema hata mmoja ni baba wa mtu. Waache waseme.

Madhara yaeleze kwa uzito uleule. La kwanza ni kengele ya uongo: kwenye NLST karibu robo ya skani zilionyesha kitu, na zaidi ya 96% ya vitu hivyo havikuwa kansa. Siku hizi kiwango cha kuhesabu kinundu kimepandishwa hadi milimita 6, kwa hiyo kengele zimepungua, ila bado zipo, na nyingine hufikia kuchomwa sindano ya kifua. La pili, kansa nyingine hukua polepole mno kiasi kwamba isingemdhuru mtu maishani mwake, lakini ikishaonekana hutibiwa. La tatu ni mionzi: takriban milisivati 1.5 (milisivati ni kizio cha kupimia mionzi), wakati CT ya kawaida ya kifua ni kama 7. Mtu wa Marekani hupata takriban 3 kwa mwaka kutoka ardhini na angani bila kupimwa chochote. Kwa hiyo mwambie ni kama miezi sita ya kuishi tu.

Usiikubali "sawa, daktari" ya kwanza. Wazee wetu wengi humwitikia daktari kwa heshima, hata pale ambapo moyoni wameshakataa, na kukataa kwao utakuona siku ya miadi, kiti kikiwa kitupu. Mimi humwuliza: "Ukifika nyumbani, mama akikuuliza unaenda kupimwa nini, utamwambiaje?" Jibu lake ndilo litakalokuonyesha kama ameelewa. Akijibu "sijui, wamesema niende," mnaanza upya.

Na sigara? Kipimo hakimsubiri mtu aache. Asiyeacha anastahili vilevile, na mwambie hivyo wazi, kwa sababu wengi hukwepa miadi kwa aibu. Papo hapo mpe msaada: plasta na chingamu za nikotini, dawa za kuandikiwa, na namba ya bure ya nchi nzima, 1-800-QUIT-NOW. Ipige yeye akiwa amekaa mbele yako, uombe mkalimani wa Kiswahili. Karatasi yenye namba huishia kwenye mfuko wa koti.

Kuandika rufaa

Oda nzuri inajitegemea. Anayeisoma hahitaji kukupigia simu. Iwe na tarehe ya kuzaliwa, pakiti-miaka kwa namba, kama bado anavuta au mwaka alioacha, sentensi kwamba hana dalili za kansa ya mapafu, tarehe ya mazungumzo mliyofanya, na jina na namba ya utambulisho ya daktari anayeoda. Kwa wanaoshughulikia malipo: skani hii ni 71271, mazungumzo ya Medicare ni G0296, utambuzi ni Z87.891 kwa aliyeacha na F17.210 kwa anayeendelea na sigara. Namba moja ikikosewa, skani iliyopaswa kuwa bure inageuka bili.

Ongeza mambo ambayo fomu haiulizi lakini watu wetu wanayo. TB ya zamani ndiyo ya kwanza. Aliyetibiwa TB anaweza kuwa na makovu na vijiwe vya chokaa, hasa sehemu ya juu ya pafu, na daktari wa mionzi asiyejua atakuwa na sababu ya kuhangaika. Andika: alitibiwa TB, mwaka fulani, mahali fulani, alimaliza dawa.

Picha za zamani ni ya pili. Wakimbizi wenye miaka 15 na zaidi hupigwa eksirei ya kifua kabla ya safari, na wengi walisafiri na nakala ndani ya ule mfuko wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Uliza kama mfuko bado upo. Wengi wameutunza kabatini pamoja na vyeti vya ndoa. Hauwezi kuchukua nafasi ya CT, lakini kovu lililokuwepo miaka 15 iliyopita bila kukua linaweza kumwokoa mtu asichomwe sindano.

Ya tatu ni tarehe ya kuzaliwa. Mnajua wenyewe ni wangapi walizaliwa "tarehe 1 Januari" kwa sababu tu tarehe halisi haikujulikana. Bima inafuata hati, kwa hiyo mzee anayesema ana 53 wakati hati inasema 48 atakataliwa. Muhimu ni wewe kulijua hilo mapema, umweleze, na uweke kumbusho la mwaka ambao hati itafika 50.

Lugha ya mkalimani iandikwe kwa usahihi. "Kiswahili" tu kinaweza kumletea Mkongo wa Kivu mkalimani wa Mombasa, wakasikilizana nusu. Na namba za simu ziwe mbili, ikiwemo ya WhatsApp, maana laini hubadilika.

Kuhusu pesa, sema mapema. Skani ya kila mwaka kwa mwenye vigezo kwa kawaida hailipiwi kitu, kwa Medicare na kwa bima binafsi nyingi. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hutofautiana jimbo hadi jimbo, hivyo mpigie anayehusika. Lakini skani za kufuatilia kinundu zinaweza kuja na bili, na ni heri alijue hilo kwako kuliko kwa barua.

Siku ya kipimo

Hapa hakuna mengi. Halali njaa, hachomwi sindano, haingizwi kwenye handaki refu lenye kelele. Analala chali, anainua mikono, anashikilia pumzi sekunde chache, kwisha. Mzoeze hiyo pumzi kliniki: "vuta, shika, usiachie." Akiwa hasikii Kiingereza, neno la fundi wa mashine litampita, na picha itatoka na ukungu.

Majibu, na daftari

Majibu huja kwa ngazi za Lung-RADS, mfumo wa madaktari wa mionzi wa kupanga majibu ya skani hii. Ngazi ya 1 na 2: hakuna kitu, au kuna kitu kisicho na shaka, arudi baada ya miezi 12. Ya 3: kuna kinundu ambacho huenda si kitu, skani tena baada ya miezi 6. Ya 4A: miezi 3, au kipimo cha ziada. Ya 4B na 4X: mwone bingwa wa mapafu sasa. Ngazi ya 0 maana yake picha haikukamilika au wanasubiri picha za zamani; usiisome kama "hakuna kitu", kosa ambalo nimeliona. Herufi S pembeni inamaanisha wameona jambo jingine la maana nje ya kansa ya mapafu, kwa mfano chokaa nyingi kwenye mishipa ya moyo. S isipite kimya.

Ngazi ya 2 nayo inahitaji simu. Ripoti itasema "kinundu cha milimita 4", mgonjwa ataiona kwenye simu yake, mpwa atamtafsiria "una uvimbe kwenye pafu", na usiku huo nyumba nzima haitalala. Piga kabla ya mpwa.

Kwa ngazi ya 4, asiambiwe kwa simu kama inawezekana. Mwite, mkalimani awepo, aje na mtu anayemchagua mwenyewe. Miadi ya bingwa iwe imeshapatikana kabla hajaingia mlangoni, ili atoke na tarehe.

Kisha daftari. Mifumo ya kompyuta ina vikumbusho, na vikumbusho hivyo hufunguliwa na kufungwa na watu waliochoka. Mimi nina orodha yangu: jina, tarehe ya oda, tarehe ya skani, ngazi, tarehe inayofuata, nani amepiga simu. Kila Ijumaa naangalia mistari isiyo na tarehe ya skani. Oda ikifikisha wiki mbili bila miadi, napiga simu mimi, simwachii kituo cha skani. Mara nyingi sababu ni ndogo mno: simu ilipigwa kwa namba asiyoijua hakupokea, au zamu imebadilika. Anatoka kwenye orodha akipita 80 (au 77 kwa Medicare), miaka 15 ikipita tangu aache, au afya ikimfikisha mahali ambapo tiba isingewezekana. Anayehama jimbo mpe nakala ya ripoti na diski ya picha mkononi.

Mzee wa Bukavu alipata ngazi ya 3, kinundu cha milimita 7 upande wa kulia, na kovu la TB juu yake ambalo rufaa ilikuwa imeshalitaja. Miezi sita ile alinipigia mara nne, kila mara akianza na habari za mjukuu. Skani ya pili ilionyesha kinundu kiko vilevile, akashushwa ngazi ya 2. Nilimpigia mchana uleule. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mwaka kesho atapangiwa asubuhi, kwa sababu jioni anamchukua mtoto shuleni. Nimemwandikia saa mbili na nusu.